Nani Alimwambia Mkewe

Mume wangu alinileta kwao Kebirigo, nchi ya Wakisii, miaka michache baada ya uhuru, akakaa nami majuma matatu, kisha akarudi Nairobi alikokuwa akifanya kazi ya barabara. Mimi ni mtu wa Taita. Kiswahili nilikuwa nacho tangu utotoni, lakini Kebirigo kiliishia sokoni na shuleni. Nyumbani kwa mama mkwe ilikuwa Ekegusii, lugha ya huko, tangu kuamka hadi kulala, nami nilijua neno moja tu, bwakire, la kuamkiana asubuhi. Nikishalitamka hilo, mazungumzo yangu ya siku yalikuwa yamekwisha.

Tulichuma chai wawili, kila mmoja na kikapu chake mgongoni. Mama mkwe alikuwa mjane, mnyamavu hata katika lugha yake mwenyewe. Kuna siku nilijisemesha peke yangu kati ya mistari ya chai ili tu nisikie sauti ya mtu.

Wanawake wa jirani ndio walionipeleka kanisani, kwenye darasa la Sabato alasiri la wanaojiandaa kubatizwa. Nilikwenda kwa sababu kulikuwa na watu. Aliyefundisha alikuwa mwalimu mzee wa shule ya msingi, koti lake limepauka mabegani. Alifundisha saa nzima kwa Ekegusii, nami nikawa natazama midomo. Wengine walipoinuka kwenda zao, alikuja akaketi kwenye benchi la mbele yangu.

"Sasa wewe," akasema kwa Kiswahili. "Tuna dakika tano."

"Mwalimu, mimi sijui lolote. Najua gharika, najua yule kijana aliyeua jitu, najua msalaba. Sijui kipi kilitangulia."

"Wengi hapa wako kama wewe, ila hawasemi. Biblia yote ni hadithi moja. Mungu aliumba watu ili akae nao. Wakamwacha. Yote yanayofuata ni yeye kuwatafuta. Ukisoma ukapotea, jiulize, hapa anawatafuta vipi?"

Tukaenda hivyo, dakika tano kila Sabato: Ibrahimu, Misri, jangwani, wafalme. Wale wanawake walipenda kunikumbusha yule mjane wa kigeni wa kwenye Biblia aliyeandamana na mama mkwe wake, huku wakinipigapiga begani. Nilimchoka mwanamke yule. Walionigusa ni watu waliotekwa, wakapelekwa nchi ya lugha nyingine, nyuma yao hekalu likiwa majivu.

"Walirudi?" nikamuuliza mwalimu.

"Baadhi yao. Na hawakupakuta kama walivyopaacha."

"Na Mungu alibaki kwao, au alikwenda nao?"

Alifunga Biblia yake, dakika zangu zikiwa zimekwisha. "Alikwenda nao," akasema. "Na baadaye akaja mwenyewe, akazaliwa kati ya watu, na walio wake wakamkataa. Hadithi nzima inaelekea hapo." Kisha akaniambia nimsimulie mtu nyumbani, ndipo nitaelewa. Nikamwambia sina mtu. "Una mama mkwe," akasema.

Nilianza Jumatatu, kwenye chai, kwa Ekegusii changu cha kuokoteza. Nilisema Baba aliumba mbingu na nchi. Mama mkwe akasimama, akauliza ni mama yupi huyo. Hapo ndipo nilipojua kuwa kwa Ekegusii neno baba maana yake ni mama, na baba huitwa tata. Alicheka hadi akaketi chini, nami nikacheka. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kucheka pamoja, na nilikuwa nimemaliza mwaka kwake.

Siku ya Ibrahimu nikamweleza jinsi alivyoambiwa aache nchi yake na jamaa zake.

"Na mkewe?" akauliza. "Yeye aliambiwa na nani?"

"Haikuandikwa."

"Kwa hiyo alifungasha tu."

"Alifungasha."

"Na kule alizungumza na nani?"

Aliendelea kuchuma, halafu akasema bila kunitazama, "Mimi nilitoka upande wa Nyamarambe. Lugha ni ileile, lakini miaka miwili sikuwa na wa kumwambia neno."

Nilitamani aendelee. Hakuendelea, wala hakurudia maneno hayo tena. Lakini kila asubuhi tulipofika shambani aliniuliza tuliishia wapi, nami nikamsimulia hadi mwisho, hadi mji ule ambao Mungu anakaa na watu wake na hakuna tena kilio. Alisikiliza kikapu kikiwa kimejaa, asikitue.

"Na mume wako anakuja lini?" akauliza.

"Sijui, Baba."

Nilibatizwa mtoni wakati wa mvua za vuli. Mume wangu aliandika kwamba hakupata ruhusa. Mama mkwe hakuwa mtu wa kanisa, ila siku hiyo alisimama ukingoni ameshika nguo zangu kavu, na watu walipoanza kuimba akaniachia nguo, akageuka akatangulia nyumbani.

Alifariki mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mume wangu alikuja akamzika mamake, akalala siku nne, akaondoka. Kazi yote ya chai ikawa yangu. Mwaka huohuo mwalimu alihamishiwa shule ya huko Kiogoro, na wazee wa kanisa wakaniomba nishike darasa lake. Sabato ya kwanza walikuja watatu. Ya pili mvua ilinyesha tangu adhuhuri, akaja mmoja, msichana aliyeolewa karibuni. Nikamfundisha peke yake saa nzima.