Boti Aliyoipiga Picha Mjomba Anakleti

Damu ya ng'ombe ikimwagika juu ya vumbi la moto hutoa harufu ya chuma. Harufu hiyo niliijua kabla sijajua kuhesabu, siku fahali alipokata kamba machinjioni pale Kalemie, mji wetu kando ya Ziwa Tanganyika, kule Kongo. Walikuwa wameshamchoma shingoni lakini kisu hakikufika. Akatoka mbio hadi sokoni, akamtoboa muuza chumvi paja, akavunja meza za mihogo, na mama akanitupa juu ya magunia ya maharage kama mzigo. Watu wote walikimbia, isipokuwa mmoja aliyepiga goti katikati ya njia, uso wake umefichwa na kisanduku cheusi. Mama akapiga kelele, "Anakleti! Unataka nikuzike leo?" Naye akajibu, "Ngoja kidogo, dada, bado hajaniangalia vizuri." Polisi walimmaliza fahali kwa risasi, nyama ikagawanywa, na sisi tukapata mbavu. Zilikuwa tamu, siwezi kusema uongo. Lakini sikukaa kitako niandike habari za fahali. Mimi shule niliiacha mapema, na kalamu yangu ni kama mbuzi asiyefungwa, hula kila shamba. Nilitaka kusema habari za huyo Anakleti, mdogo wake mama, na za boti.

Mjomba Anakleti alikuwa fundi wa picha, na hakupenda kupiga watu waliokaa kwenye kiti. Alipenda vyombo vya majini. Alisimama mwisho wa ukuta wa bandari, mahali mawimbi yanapokurushia maji mpaka kifuani, akangoja boti itoke. Abiria walimjua. Kila msafiri alipanda juu na kuinua mkono wa kulia, na kwenye picha alionekana mdogo kama punje ya mchele, ila mama yake angemtambua. Basi watu wa nyumbani walitundika picha ile nyuma ya mlango. Zikija salamu kwamba msafiri amefika, picha ilishushwa na kuwekwa sandukuni. Zisipokuja, ilibaki palepale, na mgeni akiingia aliigusa kwa vidole kabla ya kusalimia. Ziwa halirudishi kila linachomeza. Kwa wengi, picha ya mlangoni ndiyo ilikuwa kaburi.

Aliyenirudisha huko ni mjukuu wangu Espoir. Wiki nzima anabeba maboksi kwenye ghala la Mesquite, huku ng'ambo tulikohamia, na Jumamosi, badala ya kulala, anaendesha gari mpaka Houston na kuteremka Galveston kupiga picha za meli. Mara moja akanichukua kutoka mtaa wetu wa Vickery Meadow. Tulisimama juu ya mawe ya ufukweni. Meli za mafuta zilikuwa zimepanga foleni huko mbali, na nyuma yake minara ya kuchimba mafuta imesimama majini kama kunguru waliolowa. Upepo ulileta harufu ya mazutu, yaani dizeli. Espoir akaelekeza kamera yake, ile ya pua ndefu. Mara nikasikia buti nyuma yetu, nikaona mtu mwenye sare. Mwili wangu haukuniuliza. Nilijilaza kifudifudi juu ya mawe, nikamvuta mtoto wa watu kwa suruali na kumwambia, "Itupe majini! Tupa!" Yule askari alikuwa anatuomba tu tusogee, mahali pale panateleza. Alinisaidia kuinuka na akanipa maji. Espoir alicheka mpaka akakaa chini. "Babu, relax! Huyu ni security tu." Halafu akaona magoti yangu yanavuja damu, akaacha kucheka.

Sasa sikilizeni. Kiangazi kimoja, mimi nikiwa mtoto wa kutumwa chumvi, boti iitwayo Neema ilitoka bandarini imejaa unga, mbuzi na watu. Watu walikalia magunia, na wengine walikalia watu. Mwenye boti tulimwita Patron, tajiri ambaye hata mbwa wa bandari walimpisha. Mjomba aliipiga picha ikipita ukutani, maji yakilamba ukingo wake, mikono ya kulia yote iko juu. Upepo uliinuka mchana huohuo. Kuanzia kesho yake maji yalianza kutuletea mbuzi, kisha viatu, kisha watu waliovimba, wachache tu. Mama Riziki, jirani yetu, alikuwa na mabinti wawili kwenye boti ile. Hakupata hata kitambaa.

Mjomba akasafisha picha usiku na mchana, akampa kila aliyefiwa ya mlangoni. Hakuwa anamshtaki mtu. Alifanya kazi yake ya siku zote, basi. Lakini Patron alikuwa ameshawaambia wakubwa wa serikali kwamba Neema ilibeba watu wachache na kwamba ni kazi ya Mungu, na sasa kulikuwa na mlango baada ya mlango unaosema vingine. Akatuma vijana wake wa bandarini. Walipita nyumba kwa nyumba wakichana picha. Mama Riziki alimng'ata mmoja sikio na hakuliachia mpaka walipomgonga kichwa ukutani. Majirani walinong'ona kwamba mwenye nguvu mpishe. Walipomaliza milango wakaja kibandani kwa mjomba kutaka filamu yenyewe, maana ikibaki hiyo, picha zitazaliwa tena.

Nilikuwepo, nimeshika ndoo ya maji. Walimpiga kwa kasia, mgongoni kwanza, halafu mdomoni. Mjomba akasema, "Hayo ni makaburi ya watu, ndugu zangu." Mkubwa wao akacheka: "Makaburi? Basi uyale!" Wakaisokomeza filamu kinywani mwake, wakambana taya mpaka akatafuna. Nilimrukia mmoja mguuni, akanipiga teke na jino langu la mbele likaenda. Mpaka leo napiga mluzi nikitaja neno samaki, na wajukuu wanaomba nilirudie.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilisikia kwanza sauti, kama nyuki, ndipo nikawaona wanawake, wengi, wameshika michi ya kutwangia. Hawakusema na wale vijana. Waliwatwanga. Nilisikia mkono wa mmoja ukivunjika, ukalia kama kuni. Kutoka hapo wakaenda kwa Patron, wakamtoa chini ya kitanda chake, wakamburuta mpaka ufukweni akiwa na nguo ya ndani na soksi. Walimtia kichwa majini, wakamtoa, wakampiga, wakamtia tena. Mama Riziki, damu imemkauka usoni, akamgeukia mjomba, aliyekuwa ametufuata na kamera yake shingoni. "Anakleti! Lete kamera yako! Na huyu tumtundike mlangoni!" Wote wakadakia: "Mchukue! Mchukue picha!"

Juzi hapa kwetu, kituo cha treni, vijana wawili walipigana, mmoja akapasuliwa nyusi, akaanguka karibu na reli. Walioshuka treni walisimama kuwazunguka, na sikuona mkono mtupu hata mmoja, kila mkono umeinua simu. Espoir naye aliinua. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Babu, watu lazima waone, otherwise watasema haikutokea." Njiani kurudi nyumbani nikakumbuka kwamba Patron naye alitaka picha ya Neema isionekane. Zamani kamera moja ilitisha mji mzima, na aliyeibeba ilimgharimu meno. Leo kila mtu anayo, haimgharimu kitu, na aliyeanguka anabaki chini. Siwezi kuwaambia ipi ni nafuu. Ninachojua ni kwamba Patron hakuamka tena mchangani pale, na hakuna picha yake.

Mjomba alikuwa ameiinua kamera. Aliifikisha usoni, akaishikilia hapo, damu ikimtiririka kidevuni, na wanawake wakasogea kumpa nafasi. Kisha akaishusha, akaiweka juu ya mchanga taratibu kama anayelaza mtoto. Akapita katikati yao. Mama alimwita kwa jina lake la utotoni. Akapanda mpaka reli ilipo, akaifuata upande wa magharibi, bila kofia, bila viatu, na kwetu hakurudi tena.