Chumba cha Mtoto Chenye Kazi Zote

Mdogo wangu wa kiume alikuwa mtu wa kujidai tangu ananyonya, nasema hivyo kwa sababu nilimbeba mgongoni mimi mwenyewe. Lakini kilichommaliza ni ile hoteli ya watalii kule ukingoni mwa kreta, alikopata kazi ya kutandika vitanda. Kabla ya hapo alikuwa mjinga wa kawaida tu, unaweza kuishi naye.

Walipomfukuza, yeye anasema aliacha, alirudi kwetu Qurus na viatu vyeusi vya kazini. Akawa anatembea navyo kwenye tope letu jekundu kama kuku aliyefungwa kamba mguuni. Mimi nilisoma ngumbaru, yale masomo ya jioni ya watu wazima, nayo niliacha kabla herufi hazijaisha. Basi huyu mtandika vitanda akawa anaongea na mimi polepole, kwa sauti ya juu, kama anaongea na kiziwi. Hilo sijamsamehe na sina haraka.

Tuendelee. Ni wakati ule tumehamishiwa vijijini, kila mtu anajenga upya kando ya barabara. Mke wake alikuwa na mimba ya kwanza. Huyu wifi yangu hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikulia kwenye tembe la kizamani, moto katikati, ng'ombe upande huu, watu upande ule, moshi hauna pa kutokea. Wadogo zake walikohoa humo, mmoja akakohoa mpaka akafa. Akamwomba mumewe kitu kimoja tu: chumba kidogo cha mtoto, kikavu, chenye dirisha.

Mume akakubali kwa mbwembwe. Akatutangazia kwamba nyumbani kwa meneja wake mtoto alikuwa na chumba peke yake, na sasa sisi Wambulu wenzake tutaona. Akajenga. Chumba chenyewe ukilala miguu inagusa ukuta. Halafu akaanza kukitazama, na akitazama kitu huyu lazima akiharibu. Akasema mtoto ni mdogo, chumba kitakuwa kinakaa bure. Akaingiza magunia ya mbegu ya mahindi, yamenyunyiziwa dawa ya wadudu mpaka ukipita unapiga chafya. Akaingiza nira na minyororo ya plau. Akaingiza benchi, eti wageni wakija walale humo. Wifi akauliza dirisha liko wapi. Akajibiwa dirisha linakula ukuta, na ukuta ndio wa kutundikia majembe.

Mgeni wa kwanza kulala humo alikuwa rafiki yake Mmasai wa Arash, waliyekuwa wanauziana maksai. Asubuhi alitoka macho mekundu, anakohoa, akajifunga shuka lake vizuri, akasema bila kutabasamu:

"Ndugu yangu, kwetu hata ndama anapewa mahali pake."

Mdogo wangu akacheka sana. Hakuelewa kwamba ametukanwa.

Sasa, mtoto akatangulia mvua. Baba mtu alikuwa amepiga hesabu kwamba mvua za kupandia zitaanza, atoe mbegu, apande, ndipo mke ajifungue. Alivyosema ungedhani mvua na mimba vyote ni vitanda vya kutandika. Wifi akajifungulia kwenye hicho chumba, maana ndicho cha mtoto, na sisi kwetu mzazi akishalala mahali hatolewi mpaka siku zake ziishe. Mwanamume haingii. Na kitu cha shambani, iwe mbegu, iwe jembe, hakipiti kwenye mlango wa mzazi, kitaharibu shamba zima. Hilo halina mjadala, na aliyekuwa amekaa mlangoni kwenye kigoda ni mama yetu mzazi, ambaye pia hakuwa na mjadala.

Mvua ikashuka. Majirani wote wako shambani, wanapiga miluzi kwa maksai wao. Mdogo wangu amesimama uani na viatu vyake, hana mbegu, hana jembe, hana nira. Ndani mtoto anakohoa kwa vumbi la dawa. Wifi nilikuwa nikimpelekea uji wa samli, nikamwona amemfunika mwanawe uso kwa kanga, anahesabu pumzi zake. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Wifi, hiki kikohozi nakijua."

Nikatoka nikamwambia yule bwana mtoto wake anakufa kwa mahindi. Akamgeukia mama, akaanza kubembeleza, mama tuwaache wanawake wapitishe magunia haraka haraka. Mama akamwambia, "Mlangoni hapa hapapiti kitu. Ukuta ni wako, ulijenga mwenyewe."

Akavua viatu. Mara ya kwanza tangu arudi. Akaazima sululu kwa jirani, akazunguka nyuma, akabomoa ukuta wake mwenyewe, upande ule ule wa kutundikia majembe, huku wapita njia wanamwuliza kama anaiba kwake. Mimi na mama tulikuwa ndani, tunamsukumia magunia, kisha nira, kisha minyororo, kisha hilo benchi la wageni ambalo hakuna aliyeliomba. Upepo ukaingia. Mtoto akapiga chafya nyingi, akalia kwa sauti iliyofunguka, akanyonya.

Jioni baba mtu akaja na ndoo ya udongo azibe tundu. Akakuta mkewe amekwisha kuanika nepi pale kwenye kingo za tundu, na mke mwenyewe amesimama ndani, nyuma ya nepi.

"Baba wa mtoto," akasema, "chonga kingo zake zinyooke."

Akachonga. Alipanda akiwa wa mwisho kijijini, na mahindi yake mwaka ule yalifanana na yeye. Mtoto sasa ana watoto wake, hakohoi. Na lile dirisha, ukimtembelea mdogo wangu leo, kabla hujakaa atakuonyesha. Atakwambia alilipanga tangu mwanzo, ndivyo walivyojenga kule hotelini.