Shamba la Bertilla Kwenye Ramani ya Shirika

Bertilla wa Mpui ana miaka sabini na moja, na kijijini kwetu ndiye peke yake anayelima ntumba bado. Mvua zinapokaribia kwisha hugeuza nyasi kwa jembe, akazifunika udongo zikawa vilima vya duara vinavyofika magotini, zioze humo hadi msimu wa ulezi. Sisi wengine tumehamia mbolea ya mfuko. Hata mimi, na sijivunii.

Julai shirika la mafuta la taifa lilileta wapimaji wa kutafuta mafuta ardhini. Mstari wao ulikata katikati ya shamba lake, na magari yao ya kutikisa ardhi husaga kila kitu. Vilima vikisagwa kiangazi, hana ulezi. Nilikwenda kusimama naye.

"Shikamoo, mama," alisema Alphonce, msimamizi wao. "Usiogope. Sisi si kampuni ya wageni. Shirika ni la serikali, kwa hiyo ni lako."

"Marahaba. Kama ni langu, lipitishe kule kwenye majani."

Wapimaji walicheka, Alphonce akasema, "Mama, wenye shirika mko zaidi ya milioni sitini. Kila mmoja akitaka tumzunguke, mafuta tutayapata lini?"

"Wazungu waliopita bondeni zamani kutafuta mafuta, wakikukosea ulikwenda kushtaki serikalini. Nyinyi nikawashtaki kwa nani?"

Alphonce alieleza kwa upole kwamba mazao hulipwa fidia na mstari hupita. Kisichopitiwa ni makaburi.

Calvin, kijana wa hapa aliyekulia Sumbawanga mjini na kuajiriwa kuwaonyesha njia, alikunja uso. "Sasa bosi, haya yote si makaburi? Nimeshayaandika tangu asubuhi. Mia moja na arobaini."

Mfipa mzima huyo, na vilima vya ntumba havijui. Bibi yake alikuzwa kwa ulezi wa vilima hivyo hivyo.

Nilimtazama Bertilla. Hakosi misa, na hasemi uongo, hata umri wake hapunguzi. Nilidhani atamsahihisha. Alikaza khanga kiunoni, akafanya ishara ya msalaba.

"Basi zungukeni polepole," alisema.

Alphonce alikitazama kilima cha karibu, nyasi zikichungulia ubavuni, kisha akamtazama Bertilla. Akawapungia madereva wapite kwenye majani.

Desemba Bertilla alivunja vilima akapanda ulezi wake. Kwenye ramani ya shirika letu pale pameandikwa makaburi, na kila nipitapo na mfuko wangu wa mbolea begani, sipati nguvu ya kumbishia Calvin.