Moyo wa Mjomba Kwenye Kona ya Saruji

Mjomba alikuwa dereva wa mabasi hadi alipostaafu, na mpwa wake wa kike ni fundi wa mawasiliano. Ungeambiwa wawili hao wanafanya kazi pamoja ungecheka, maana mjomba hata simu yake huiwasha kwa kuibembeleza. Lakini fundi alipohitaji mtu wa kumwendesha mbio barabarani, hakutafuta mwingine. Huyo ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, na alimpenda kupita kiasi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: chombo ndani ya gari la wagonjwa kirushe hewani picha ya mapigo ya moyo, daktari aione kabla mgonjwa hajafika. Gari likisimama, hiyo ni kazi ya kitoto. Likikimbia ndipo balaa huanza. Mawimbi hugonga maghorofa, malori na mabati, yakafika yamepindapinda. Na gari likisogea kidogo tu, njia zote zimeshabadilika. Dawa yake ni kupachika alama ndani ya picha, alama ambazo kompyuta ya hospitali inazijua tangu awali. Ikiona zilivyopinda, inajua namna ya kuinyoosha picha nzima. Zikiwa chache, picha inakatika. Zikizidi, zinakula nafasi ya moyo wenyewe. Kiasi chake hukipati ofisini, utakipata barabarani.

Basi wakazunguka, fundi nyuma, macho kwenye skrini, mjomba mbele, kofia kichwani.

"Mjomba, kanyaga hasa."

"Nakanyaga, mwanangu."

Picha ikatulia kama maji mtungini, hata kwenye kona ya kiwanda cha saruji ambako malori hayaishi. Fundi akavimba kichwa, akapunguza alama, akaialika hospitali ije ione.

Siku hiyo aliyeshika usukani ni dereva wa hospitali, mtu asiye na simile. Kwenye kona ya saruji picha ikaganda, kisha ikafutika. Daktari hakufoka.

"Dada, mgonjwa wangu hawezi kunisubiri," alisema. "Jaribu mara moja tena. Ikikatika, tunarudi kupigiana simu kama zamani."

Miaka yote ya kazi ya fundi ikabaki inaning'inia kwenye kona moja.

Aliporudi akafungua kumbukumbu za mwendo wa gari, ambazo kwa kumwamini mjomba hakuwahi kuzitazama. Kila picha ilipotaka kuyumba, gari lilipunguza mwendo, na picha ikatulia. Akamfuata mjomba uani, akamkuta anafua kofia.

"Mjomba, pale saruji ulikuwa unashika breki?"

"Breki sishiki. Natoa mguu tu."

"Kwa nini sasa?"

"Si nakuona kwenye kioo? Ukikunja uso, najua kuna kitu kinakusumbua. Niendelee kukanyaga, kwani mimi mnyama?"

Fundi alitaka kukasirika, hasira ikagoma kuja. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha machozi yakamtoka, na mjomba, asiyejua kosa lake ni lipi, akaanza kuomba radhi kwa yote.

Mficha uchi hazai. Fundi akamweleza daktari ukweli, kisha akakifundisha chombo kuongeza alama mwendo unapozidi na kuzipunguza gari linapotulia. Kilichobaki ni mtu wa kulala ndani ya gari, afungwe waya kifuani. Mjomba akajitolea kabla hajaulizwa.

"Nimeharibu mimi, nitalala mimi," alisema, na mjadala ukaishia hapo.

Siku ya siku, fundi alisimama hospitalini kando ya daktari. Huko mjini yule dereva asiye na simile akalitia gari moto. Mstari wa moyo ukaanza kutembea kwenye skrini, ukapita sokoni, ukapita darajani, ukaingia kona ya saruji. Haukukatika.

Daktari akasogeza miwani yake. "Picha safi kabisa. Ila mapigo yamepanda ghafla hapa. Huyu mzee anaogopa mwendo?"

"Ameendesha mabasi maisha yake yote, daktari," fundi akajibu. "Anajua hapo ndipo nilipofeli. Ananiogopea mimi."

Akaendelea kuutazama moyo ule ukienda mbio, na haukutulia mpaka gari lilipoingia getini.