Siku Kenge Alipoingia Bandani

Mama alikuwa ameketi mlangoni mwa jikoni akipepeta pojo niliposhuka kwenye boda boda na katoni mikononi. Hakuinua macho. Alisikiliza tu, kisha akasema, "Nilikutuma sukari na majani ya chai."

"Nimeleta, mwaitu."

"Na hicho kinacholia ndani ya katoni ni sukari ama ni majani?"

Nikafungua katoni. Wakatoka paka wawili wa tumbo moja, jike la kijivu lenye milia na dume jeusi lenye kifua cheupe. Nilikuwa nimewalea Syokimau, kwenye nyumba ya ghorofa, mahali ambapo udongo pekee waliowahi kuukanyaga ulikuwa ule wa chungu changu cha maua. Kampuni niliyoifanyia kazi ilipofungwa, na miguu ya Mama ilipoanza kumsumbua, nilifungasha nikarudi nyumbani, huku karibu na Ekalakala ambako mashamba yanateremka kuelekea bwawa la Masinga. Nilirudi kichwa kikiwa chini. Paka niliwaacha kwa jirani wa Syokimau, maana Mama alikuwa ameshatoa hukumu yake kwenye simu: paka ni mwizi anayejilamba.

Kilichombadilisha nia, au tuseme kilichomnyamazisha, ni moma. Asubuhi moja nilivuta gunia la mahindi ghalani nikamkuta nyuma yake, yule nyoka mnene mvivu, amejiviringa kama kamba ya kufungia ng'ombe. Nilipiga yowe. Jirani yetu alikuja na jembe akammaliza, kisha akaangalia magunia yaliyotobolewa na mavi ya panya yaliyotapakaa sakafuni.

"Huyu hakuwa anatafuta mahindi," alisema. "Alikuwa anatafuta panya. Mkiwa na panya, mko na nyoka. Ni hivyo tu."

Kesho yake, Mama aliponituma dukani, nikapanda gari mpaka Syokimau kuwachukua paka wangu.

Wiki za kwanza zilikuwa za aibu. Kuku mwenye vifaranga alimkimbiza dume mpaka juu ya tangi la maji, akashinda huko mchana kutwa akililia kushushwa. Jike naye alijitosa chini ya kitanda kila mbuzi alipolia. Mama aliwatazama akatikisa kichwa. "Hawa si paka," alisema. "Hawa ni wageni wa Krismasi."

Nilipotaka kuwaita kwa majina niliyowapa kule mjini, alinikataza. "Mnyama wa boma hapewi jina. Ukimpa jina, siku ya kumzika utalia kama umefiwa." Basi wakawa Jike na Dume, na wao hawakuonekana kujali.

Jike ndiye aliyeanza kuamka. Alikuwa akipanda juu ya ukuta wa mawe na kukaa hapo asubuhi nzima akitazama. Kulikuwa na mengi ya kutazama. Pimbi walitoka kuota jua kwenye majabali, wamekaa kama wazee wa kanisa. Nguchiro walikatiza shamba la mbaazi mmoja nyuma ya mwingine, mikia juu. Na kiangazi kilipokaza, digidigi mmoja alizoea kuja kulamba matone chini ya mfereji wetu. Siku moja nilimkuta Jike amekaa hatua chache kutoka kwake. Walitazamana, paka na digidigi, pua zikicheza, kila mmoja akijaribu kujua mwenzake ni mnyama wa aina gani. Digidigi akamaliza kunywa, akaondoka kwa vijiguu vyake vya njiti.

"Anasoma," Mama alisema nyuma yangu. Sikuwa najua kwamba naye alikuwa anaangalia. "Mwache. Yuko shule."

Masomo yakaisha siku ambayo Mama alifungua mlango wa jikoni akakuta panya mkubwa wa ghalani amelazwa kizingitini, kichwa kikielekea ndani, kama zawadi ya harusi. Jike alikuwa amekaa kando yake, kifua mbele. Mama alimtazama panya. Akamtazama paka.

"Ghala limejaa ndugu zake," alisema, akaegemea fimbo yake akampita.

Lakini jioni hiyo niliona mfuniko wa mkebe chini ya meza, na ndani yake ugali uliolowekwa kwa maziwa. Kabla mahindi ya msimu uliofuata hayajaingia, magunia yetu yalikuwa hayana tundu jipya hata moja.

Dume alichelewa kujifunza, na somo lake likawa chungu. Alikuwa akicheza kando ya majabali mchana mmoja aliposimama mbele yake swila, yule nyoka anayetema sumu machoni. Nilikuwa naanika nguo. Nilimwona nyoka akiinuka na shingo kupanuka, na kabla sijapata sauti ya kuita, Dume alirudi nyuma akijipiga uso kwa miguu yake ya mbele na kulia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mnyama. Swila akatokomea kati ya mawe, na hatukumwona tena.

"Maji!" Mama alipaza sauti. "Leta maji, mengi!" Alikuwa ameshamkamata Dume na kumfunga kwa leso yake kama mtoto mchanga. Mimi nilimimina, yeye akashikilia zile kope wazi kwa vidole, tukaosha, tukaosha, mpaka ndoo zikaisha na sisi wote watatu tukawa tumelowa chapachapa.

Niliita boda boda. Kijana wa pikipiki alipofika aliangaza huku na huku. "Mgonjwa ni nani, mathe?"

"Ni huyu," Mama akajibu.

Alitazama ile leso yenye masikio. Nadhani alitaka kucheka, lakini alimwona Mama usoni. "Sawa," alisema. "Mshike vizuri, barabara ni mbaya."

Daktari wa mifugo pale sokoni alizoea ng'ombe na mbuzi, lakini alimpima Dume kwa upole uleule. Alisema maji ndiyo yaliyomwokoa, akanipa dawa ya kupaka. Kupaka kwenyewe kukawa vita. Mikononi mwangu Dume alikuwa moto mtupu. Mapajani mwa Mama alitulia. Basi kila siku, asubuhi na jioni, yule mama aliyesema paka ni mwizi alikaa kwenye kiti chake na mwizi mapajani, akimpaka dawa na kumsemesha Kikamba cha chini chini. Jicho la kushoto likabaki na ukungu. La kulia likapona likang'aa.

Mvua kubwa zilipokuja, bwawa lilijaa maji yakapanda mpaka kwenye makorongo, na kenge wakayafuata. Wewe ambaye hujawahi kumwona kenge wa maji akitembea usifikirie mjusi. Mkia wake peke yake unaweza kumvunja mbwa mguu. Tulianza kukuta maganda ya mayai, kisha vifaranga wakapungua. Tuliziba matundu ya banda kwa mawe na mabati. Wakati huohuo Jike akazaa, na kati ya mahali pote bomani alichagua banda la kuku, ndani ya kiondo kikuukuu kilichokuwa kwenye kona. Kuku walimzoea. Nilitaka kuwahamisha watoto, Mama akasema mzazi anajua anapotaka kulala.

Alasiri moja nilikuwa napalilia kunde shamba la chini. Nikasikia kuku wakipiga kelele, na juu ya kelele hizo sauti ya Mama: "Wui! Wui! Njoo!"

Nilikimbia na jembe likaniponyoka njiani. Nilipofika uani nilimkuta Mama amesimama mbele ya banda, mwiko mkono mmoja na mfuniko wa sufuria mkono wa pili, akivigonganisha kwa nguvu zake zote. Kenge alikuwa amesukuma bati akaingia. Alikuwa mrefu kuliko nilivyodhani kenge anaweza kuwa, na ulimi wake ulikuwa ukicheza kuelekea kwenye kiondo.

Kati yake na kiondo alisimama Jike. Alikuwa amejaa manyoya, mgongo juu, sikio moja likivuja damu, na hakurudi nyuma hata kidogo. Kenge akageuka akapiga mkia. Jike akarushwa hewani akagonga ukuta wa mbao akaanguka. Kile kichwa kirefu kikaenda kwenye kiondo.

Hapo ndipo Dume alipotoka juu. Sijui alikuwa amefika saa ngapi kwenye ule mti wa kulalia kuku. Alishuka kama gunia lililokatwa kamba, akatua shingoni mwa kenge, akang'ata na kuzamisha kucha zote. Kenge akazunguka, vumbi na manyoya vikajaa banda. Jike naye alikuwa ameshainuka, akamrukia usoni. Niliona toroli kando ya mlango, nikalisukuma ndani kwa kishindo mpaka likasimama kati ya kenge na watoto wa paka. Kenge akamtupa Dume, akaona mlango, akachomoka.

Alimpita Mama miguuni. Mama hakusogea. Aliinua mwiko akampiga mgongoni, mwiko ukavunjika vipande viwili.

"Rudi kwenu!" alipiga kelele. "Rudi bwawani!"

Kenge aliporomoka korongoni, mawe yakibingirika nyuma yake. Niliokota panga nimfuate, Mama akanizuia.

"Mwache aende," alisema akihema. "Aende akawaambie wenzake."

Tuliingia bandani. Kiondo kilikuwa pale kona, na ndani yake watoto watatu, macho bado yamefumba, wakitafuta ziwa kana kwamba hakuna lolote lililotokea duniani. Jike aliingia akichechemea, akawalamba mmoja mmoja. Dume alikaa juu ya toroli na jicho lake moja zuri likatazama mlango.

Mama aliwatazama. Kisha akaangalia mkono wake. "Fimbo yangu iko wapi?"

Ilikuwa jikoni, imeegemea kiti. Alikuwa amevuka uwanja mzima bila hiyo, yeye ambaye hata kwenda msalani alikuwa akiishika. Tulitazamana. Mimi ndiye niliyeanza kucheka, na Mama akafuata, tukacheka tukiwa tumeshikana mpaka majirani waliokuja mbio na marungu wakadhani tumerukwa na akili.

Juma lote hilo Mama alisimulia, na kila aliposimulia kenge alirefuka. Jumatatu alikuwa mrefu kama fimbo ya mchungaji wa mbuzi. Kufikia Ijumaa alikuwa mtoto wa mamba. Mimi sikumsahihisha. Nilikuwa nimeamka kila asubuhi ya juma hilo nikijua kwa mara ya kwanza kwamba sikurudi nyumbani kwa kushindwa.

Jumapili, wakati wa ushuhuda, alinyanyuka akashika kiti cha mbele yake. "Bwana asifiwe," alisema. "Adui aliingia bomani kwangu. Lakini Mungu alikuwa ameshanitumia askari wawili ndani ya katoni, na mimi sikuwatambua." Akaeleza yote, pamoja na mwiko. Watu walicheka, walipiga makofi, na mchungaji mwenyewe alifuta macho akasema kwamba kanisa halijawahi kumshukuru Mungu kwa ajili ya paka, lakini leo limeshukuru.

Tukirudi tulipita kwa mama anayeuza samaki wa bwawani. Nilianza kuomba vichwa, kama watu wanavyofanya kwa ajili ya paka. Mama akaniondoa kando kwa kiwiko, akainama juu ya beseni, akawagusa samaki mmoja baada ya mwingine.

"Huyu," alisema. "Na huyu. Wazima. Usiwakate."