Msonyo Niliousonya Skuli kwa Kina Salma

Nilikuwa nimeapa mkasa huu nitakufa nao, lakini kwa vile Kikwajuni nzima ishausikia na kila mmoja kautia chumvi yake, bora niueleze mwenyewe, na aibu yake niivae mwenyewe.

Mjukuu wangu Salma, anayekaa na mamake Malindi, skuli kwao waliweka mdahalo: kuwasiliana bila ya maneno kuna faida au kuna hasara? Salma akawekwa upande wa faida, na mshindi angekwenda Pemba kuisemea skuli yao, na yule mtoto Pemba alikuwa akiiota usiku na mchana. Akanijia, "Bibi, njoo ukae mbele uwe mfano wangu, wewe si umetulea kwa jicho tu?" Kweli (na hapa najisifu, mniwache): watoto sita nimewalea, fimbo sikuijua, nikikutazama tu unajua umekosa nini na uende ukafanye nini.

Sasa kosa langu. Wiki ile nilikuwa nimetiwa meno ya bandia, matatu ya mbele, sikumwambia mtu. Tabibu kanambia, "Bi Mize, yazoee nyumbani kwanza." Mie nkaona nitakaaje mbele ya watoto wa watu na pengo? Nkayavaa.

Salma akaanza, anasema kama maji. "Chukueni msonyo," akasema. "Neno hamna, lakini nani asiyejua kuwa kadharauliwa?" Watu wakapiga makofi. Akasimama mpinzani wake, Makame, kijana wa Tumbatu, mrefu, ana adabu zake. "Shikamoo Bibi." Nkaitika, "Marahaba," na kwa neno hilo moja meno yakang'oka yakaniangukia ulimini, nkayavuta juu kwa pumzi. Mnajua ilitoka sauti gani? Msonyo! Mrefu, wa kimjini kabisa.

Ukumbi mzima ukanigeukia.

"Bibi, nimekukosea nini?" Makame akauliza, maskini. Nami nikifungua mdomo meno yanatoka, basi nkampungia mkono, nikikusudia aendelee. Akaona namfukuza. Akakaa.

"Mnaona!" wenzake Salma wakapiga kelele. "Hata neno hakusema, na mtu kakaa!"

Mwalimu mkuu, mtu mzima mwenye kofia yake, akainuka kutuliza mambo. "Bi Mize, sisi hapa tunakuheshimu kama mama yetu," na mimi, wallahi sikutaka, nilipofungua mdomo kumshukuru yakaanguka tena nkayavuta tena, na huu wa pili ulikuwa mkubwa kuliko wa kwanza. Nyuma yangu msichana akasema, "Mama yangu! Kamsonya mwalimu mkuu!"

Nkamtazama Salma kwa lile jicho langu, nikitaka kumwambia si hivyo, mwanangu, ni meno. Jicho lililolea watoto sita siku ile halikufahamika. Kainamisha kichwa, machozi yanamlenga. Nkajua hapo nikinyamaza anashinda, anakwenda Pemba, lakini anakwenda akiwa mjukuu wa bibi asiye na adabu. Nikisema, lazima niyatoe.

Nkayatoa. Nkayaweka kiganjani, nkainua mkono wote wayaone. "Mie sikumsonya mtu," nkasema, pengo wazi, maneno yanatoka na upepo. "Yaliyosonya ni haya."

Walicheka mpaka mwalimu mkuu akavua kofia akajifutia macho. Makame akangoja wanyamaze, akasimama. "Mwenyekiti, mie sina la kuongeza. Sote tulifahamu, na sote tulifahamu vibaya." Akakaa. Pemba kaenda yeye.

Kurudi nyumbani Salma kanitangulia hatua mbili. Tulipofika Michenzani akasonya. Nkamuuliza, "Ni meno, mama, au ni mimi?" Yeye meno yote ni yake mwenyewe. Akajizuia, akajizuia, mwisho akacheka mpaka akanishika bega, lakini Pemba haikurudi kwa kicheko kile, na mie nnalijua hilo.

Tangu siku ile nimeapa, mtu akinikera namwambia kwa mdomo. Si kwa wema wangu. Juzi jirani kanimwagia maji ya samaki mlangoni, nkasahau kiapo, nkamsonya msonyo wa haki, wa moyoni. Akanigeukia kwa huruma:

"Pole Bi Mize. Bado hayajakaa tu?"