Mafuta Ndani ya Ringi

Mwalimu wetu wa fizikia pale shuleni Mukendo hakuweza kupita kitu cha duara bila kukizungusha: kifuniko, sahani, hata sarafu ya sadaka. Vidole vyake vilikauka kwa chaki. Mwaka ule wa foleni, bidhaa zilipoadimika madukani, akitufundisha satelaiti inavyozunguka bila kuyumba, alining'iniza ringi ya baiskeli kwa kamba, akaizungusha, ikapepesuka. Akatoa chupa ya mafuta ya kula, aliyoipangia foleni tangu alfajiri, akayamimina yote ndani ya tyubu iliyovishwa kwenye ringi hiyo.

“Mwalimu! Na watoto wako watakula nini?” alipiga kelele Skolastika wa dawati la mbele.

“Huko juu hakunaga fundi,” alijibu. “Mafuta yakichezacheza humo ndani, ndiyo yanamaliza mtikisiko.”

Akaziba, akaizungusha tena. Ringi ikatulia. Hakuna aliyeitazama. Macho yetu yalikuwa kwenye chupa tupu. Naye, katugeuzia mgongo, alikuwa akilamba vidole.